Mkono Dirishani

Jumba la Thirlby, Yorkshire
Jumapili, Novemba 1907

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kifua kimeanza kukuachia tangu ulipopigwa na baridi siku ile ya mapokezi. Mimi ni mzima wa mwili. Mwambie Baba viatu alivyonishonea havijaingiza maji hata tone, na kila nikivivaa namkumbuka.

Barua yako niliipata jana. Unasema fundi wa mawe anaanza kuchonga jiwe la kaburi la Mama Mkubwa Keziah wiki hii, na chini ya jina lake umeagiza aandike: "Alinipungia mkono, akaniaga." Nimeyasoma maneno hayo hadi chakula kikanishinda. Kuna jambo ni lazima ulijue kabla fundi hajashika patasi. Nakuomba unisome hadi mwisho, hata hasira zikikupanda.

Unajua tulivyohangaika na ujio wa Binti Mfalme. Mazulia yalipigwa mpaka sote tukawa tunakohoa vumbi. Vyombo vya fedha vilisuguliwa hadi vidole vikachubuka. Kililetwa choo kipya kutoka London kwa ajili yake peke yake, nasi tukaonywa tusikiegemee hata kwa bahati mbaya. Bi Ramsden, mpishi wetu, alikuwa akitupokea jikoni kila asubuhi kwa kutuuliza, "Haya, nani amekikalia? Mbona leo mnaringa?" Tulicheka sana siku zile. Nakumbuka hayo sasa na uso unaniwaka.

Mama Mkubwa alikuwa kitandani, kwenye chumba chake kile kilicho juu ya mlango mkubwa, nawe ulikuwa umekatazwa kuja kumwona mpaka ugeni upite. Binti Mfalme alipokuwa mtoto aliwahi kuugulia humu, na Mama Mkubwa ndiye aliyemuuguza. Kwa hiyo aliandika kwamba zaidi ya yote anataka kumwona Yaya wake. Mama Mkubwa alipoambiwa alikunja uso, akasema mtoto yule alikuwa hodari wa kutema uji, na akijileta hapa atalishwa tena.

Mama, hakufa Jumapili kama tulivyokuambia. Alikufa Alhamisi alfajiri, siku moja kabla ya ugeni, nami nimemshika mkono.

Desturi unaijua. Nyumba ikifiwa, mapazia hushushwa, saa husimamishwa, na mtu wa ukoo wa mfalme hakanyagi humo. Nilishuka kwa Bi Outhwaite, msimamizi wetu, nikiwa nimeshajitanda shali nije kwako. Akaniambia nikae. Akapanda kwa Bibi Mkubwa, mwenye jumba, akarudi na jibu: kwamba Keziah aliipenda nyumba hii maisha yake yote, asingetaka kuwa yeye wa kuifungia milango, kwamba maiti hana haraka, na kwamba ugeni ukipita salama, mimi ndiye nitakayekuwa mkubwa wa wajakazi. Nikauliza ni nani atakayemwosha. Akasema baridi itamtunza.

Nikavua shali. Hakuna aliyenishika, Mama. Niliivua mwenyewe.

Moto hatukuwasha chumbani kwake, yeye aliyechukia baridi kuliko kitu chochote. Asubuhi nilifungua pazia, jioni nikalifunga, ili wenzangu wasishuku. Nilipandisha sinia yake ya chai na mkate, nikakaa kando ya kitanda nikala mwenyewe, sinia irudi jikoni tupu. Bi Ramsden akafurahi, akasema bibi kizee amepata hamu ya kula, akaongeza yai. Nikala na yai.

Binti Mfalme aliandikiwa kwamba Yaya ana mafua ya kuambukiza na hafai kusogelewa, ila atampungia mkono dirishani. Habari hizo nililetewa na Bi Outhwaite asubuhi ya ugeni, kofia ya Mama Mkubwa ikiwa mkononi mwake.

Niliivaa. Nikajifunika shali yake, nikasimama nyuma ya kioo. Gari lilipofika, Binti Mfalme akatazama juu, akapunga. Nikapunga polepole, vidole nimevikunja kama vyake. Nilimwona anajifuta machozi. Na nikuambie lililo baya zaidi: nilifurahi. Nilijiona hodari.

Ndipo nikakuona wewe. Ulikuwa langoni na watu wa kijiji, umevaa kofia yako ya kanisani na kale ka-koti kepesi ka sikukuu, unapepea leso na kuita, "Kez! Kez!" mpaka askari akakusogeza. Ningeweza kurudi nyuma ya pazia. Sikurudi. Nilikupungia, tena na tena, hadi ulipoanza kucheka.

Mkono ule ulikuwa wangu, Mama. Dada yako alikuwa nyuma yangu chini ya shuka, hajaoshwa na mtu wa kwao. Na siku ya mazishi ndio mkono huo huo ulioubusu mbele ya watu, ukinishukuru kwa kumtunza.

Mzuie fundi, nakusihi. Aandike jina lake, na siku ya kweli, Alhamisi. Bi Outhwaite nimeshamrudishia funguo za ukubwa, ingawa najua hilo halifuti kitu. Jumatano nina mapumziko ya mchana. Nitakuja nisimame mlangoni kwenu. Usiponifungulia nitaelewa, nitageuka nirudi.

Limebaki moja. Alfajiri ile Mama Mkubwa aliniuliza kama utakuja kutazama msafara. Nikamwambia utakuja, hukosi. Akasema, "Mwambie Tabitha avae shali nzito, kifua chake hakitaki mchezo." Kisha akanyamaza, na hakusema tena. Ujumbe ule sikukuletea, maana ningekuja kwako siku ile ningekuambia yote, nawe ukasimama langoni kwenye baridi na koti jepesi, na sasa unakohoa.

Nisalimie Baba, na umsomee barua hii ukiona inafaa. Msalimie na Bi Lumb wa jirani, lakini yeye usimsomee.

Vaa shali nzito, Mama. Hivyo ndivyo alivyokuaga.

Mwanao,
Dorcas