Kompyuta Nyepesi na Ruhusa ya Baba Mkwe

Ngonga, Kyela,
Mkoa wa Mbeya.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Jubilate,

Ugonile, kaka yangu. Habari za Bukoba, habari za kazi, habari za wifi yangu Nancy na watoto? Nancy alinidokeza kwenye simu kwamba kifua kimekusumbua tangu mvua za huko zianze. Umeshapona? Kunywa tangawizi ya moto, na uache kulala na dirisha wazi kama mtu asiye na mke wa kumkataza. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Masika yametuachia matope mpaka uani, lakini hayakumchukua mtu wala ng'ombe. Sasa tunavuna mpunga. Mgongo wa Ezra unauma, na mume wangu huyo anahakikisha kila mpita njia amepata taarifa.

Najua unashangaa kuletewa barua ya karatasi na mtu uliyemsaidia juzi tu kuchagua kompyuta. Nimeona shukrani yangu ni ndefu mno kwa simu. Ningeanza kulia, na vocha ingekwisha kabla sijafika kwenye habari yenyewe.

Nianzie dukani Mbeya. Ezra alishikilia kunisindikiza, ati kwa ulinzi. Muuzaji alipotuona tu akajua tumetoka bondeni, akatutolea kompyuta moja pana kama sinia la pilau, nyeusi, inang'aa. Sikufichi, niliipenda. Niliiona tayari sebuleni kwangu, juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, majirani wanakuja kunywa chai na kuitazama. Tena mimi niliyekwenda kutafuta chombo cha safari za mradi wa wafinyanzi!

Ndipo nikakumbuka ulichoniambia, kwamba mashine ya safari haichaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa bega. Nikaomba niiweke mkobani. Muuzaji akaniruhusu nizunguke nayo humo humo dukani, katikati ya majokofu na redio, huku ananichungulia kama mwizi. Kabla sijamaliza mzunguko wa pili bega lilikuwa limeshuka. Nikafikiria bodaboda mpaka Matema, halafu mtumbwi mpaka Ikombe, halafu kupanda kwa miguu kwenda kwa wafinyanzi na ule mzigo mgongoni. Nikairudisha mezani bila kuiangalia tena.

Akaja na kishikwambi, kama vile walivyotembea navyo makarani wa sensa. Hicho kilikuwa chepesi kweli, nami nikataka kulegea. Lakini ulikuwa umenionya: kazi yako ni kuandika taarifa za vyungu kuanzia asubuhi mpaka jioni, utachoka kugonga kioo, tafuta kitu chenye vibonye ambavyo kidole kinavisikia. Ulisema pia nitafute inayokaa na chaji mchana kutwa, inayochajiwa kwa waya kama wa simu ili hata sola ndogo iiwezeshe, na ambayo maandishi yake yanasomeka ukiwa nje juani. Nilimsomea muuzaji masharti yako yote. Alipoona sitanii akaenda stoo, akarudi na hii niliyo nayo. Ni ya kijivu, inaingia kwenye mkoba wangu wa kitenge pamoja na Biblia, na nafasi ya kanga inabaki.

Ezra aliipima mkononi, akaitikisa kidogo, akamuuliza yule kijana kama vyote vimo ndani. Unamjua shemeji yako, ni mtu wa mpunga. Kwake gunia jepesi ni mapepe, makapi matupu, na kitu chepesi chochote ameibiwa mtu. Njia nzima kurudi Kyela alikuwa anaushika ule mkoba na kuguna. Kwa hiyo, kaka, hapo ndipo ilipo ndaga yangu, asante yangu ya kwanza, kwa kuwa bila maneno yako ningerudi na sinia.

Sasa sikiliza la pili, ambalo ndilo limenitia kalamu mkononi. Kununua kompyuta ni jambo moja, kupata ruhusa ya kuondoka nayo ni jambo jingine. Mradi ule wa wafinyanzi ulitaka jibu langu kabla ya mwezi huu kuisha, la sivyo wamchukue mwingine. Kazi yenyewe ni ya kuwa nje ya nyumba wiki nzima, kurudi, kupumzika kidogo, kuondoka tena. Ezra alikubali. Lakini nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni baba mkwe wangu, anayekula chakula cha jiko langu tangu mkewe, Mama Anyelwisye, alipofariki mwaka jana.

Wewe umekaa sana huko Uhayani, huenda umesahau mambo yetu. Mkamwana hatazamani na baba mkwe. Hasemi naye, hata jina lake halitamki. Nyumba nyingi siku hizi wamelegeza, ukienda mjini unawakuta wamekaa kochi moja wanagombania rimoti. Kwetu bado. Akitokea njiani mimi naingia kwenye migomba na kukaa humo mpaka apite. Si chuki, ni heshima, nami nimeizoea. Zamani maneno yetu yalibebwa na Mama Anyelwisye. Alikuwa anajua namna ya kuyapeleka, anayapoza yakiwa ya moto na kuyatia chumvi yakipoa. Alipoondoka, mimi na mzee tukabaki kila mtu upande wake wa uwanja. Sahani inakwenda, sahani inarudi, na sikujua kama anakipenda chakula changu au anavumilia tu.

Nilimwomba Ezra azungumze naye. Huyu mtu anamkaripia fahali bila woga, lakini mbele ya baba yake anakuwa kifaranga. Alikwenda, wakaongea habari za kakao, akarudi. Basi nikamwita wifi yangu Kisa kutoka kwake Busale, maana yeye ni binti wa mzee na ulimi wake hauna kutu. Kisa akaketi mbele ya baba yake akamweleza yote vizuri. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Safari ni ya nani?" Kisa akamwambia ni ya Atupele. Mzee akasema, "Basi mwenye safari aseme mwenyewe. Neno zito kama hili silijibu kwa mdomo wa kuazima."

Niambie, kaka, nitasemaje mwenyewe na mtu ambaye siruhusiwi kusema naye? Karatasi hasomi tena, macho yamechoka, hata Biblia anasomewa na Ezra. Simu haitaki, anasema ni chombo cha kujibizana, na kujibizana na mkwe ni aibu. Niliona ndiyo imekwisha hiyo. Siku zile nilipika vibaya kuliko wakati wowote. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuwaambia watu wa mradi kwamba siji, na kila nikiutazama ule mkoba wa kitenge ukutani nilikuwa naona uchungu.

Mungu ana njia zake, na safari hii alimtumia Ezra na mdomo wake. Alikuwa kwa baba yake anailalamikia tena kompyuta yangu kwamba haina uzito. Mzee akamuuliza kama ina herufi za kubonyeza, na kama safu ya juu inaanza na Q, W, E. Unakumbuka kwamba ujanani alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika? Barua zote za mpunga wa bonde hili zilipita kwenye taipureta yake. Ezra akaja jikoni mbio kuniuliza. Nikamwambia ndiyo, zinaanza hivyo hivyo. Alipompelekea jibu, mzee akasema niipeleke aone kama ni mashine ya kweli.

Ezra alidhani ni udadisi wa mzee. Kisa ndiye aliyenikazia macho akasema, "We Atupele, mlango umefunguliwa, unangoja nini?"

Nilimwandikia mzee nikiwa nimekaa jikoni, kompyuta mapajani. Nikazikuza herufi mpaka kila moja ikawa kubwa kama kidole gumba. Nilimwamkia kwanza. Nikamwambia mimi ni mke wa Ezra, nimeitwa kazi kando ya ziwa, naipenda, na nguvu yake ninayo. Nikamwambia sitaki kuondoka kwa kunyemelea wala bila baraka yake. Nikamwambia hofu yangu ni moja tu, nani atampikia. Kisa akaichukua, akaenda kuiweka mbele yake juu ya kigoda, barazani. Mimi nikajificha nyuma ya jiko, moyo unapiga kama ngoma ya arusi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Kisa, na sehemu nyingine nilizisikia mwenyewe. Mzee alisoma taratibu, midomo inacheza. Alipomaliza alifunga kifungo cha juu cha shati, akaomba meza badala ya kigoda, akanyoosha mgongo na kuweka vidole vyote mahali pake. Vidole vilikuwa havijasahau. Alikuwa anagonga kwa nguvu kama anayekatakata kisamvu, nikaogopa vibonye vitang'oka. Alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wenyewe ukapanda kutafuta kile chuma cha kurudishia mtambo wa taipureta, ukakuta ukingo wa kioo, ukausukuma kwa desturi yake ya miaka yote. Kompyuta yako nyepesi ikateleza meza nzima ikaruka. Kisa aliidaka kwa kanga. Mimi huku nilisikia kelele yake tu, nikapiga magoti kwenye majivu nikijua sina tena kompyuta wala ruhusa.

Mzee hakutikisika. Alisema tu, "Mashine hii imepunjwa uzito," kwa sauti ile ile ya Ezra. Akamwamuru Kisa aishikilie kwa mikono miwili mpaka barua iishe. Ndivyo binti wa watu alivyosimama pale kama jiwe la kukandamizia turubai, na kusoma kila neno.

Nakunakilia alivyoandika. Yote ni kwa herufi kubwa, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi yao:

KWA MKAMWANA WANGU. YAH: SAFARI YAKO. BARUA YAKO NIMEIPATA NA KUIELEWA. TANGU MKE WANGU ATUTOKE SIJALALA NJAA HATA SIKU MOJA KATIKA NYUMBA HII. SIKUKUSHUKURU KWA KUWA NJIA YA KUKUSHUKURU ILIKUFA PAMOJA NAYE. LEO NJIA IMEPATIKANA. NDAGA FIJO. WEWE SI MPISHI WANGU, WEWE NI MWANANGU, NA MWANA AKIITWA KAZINI BABA HAMSHIKI MIGUU. NENDA NA BARAKA ZANGU. UKIFIKA HUKO ANDIKA, NITASOMA UKIRUDI. NAKALA: EZRA, KWA TAARIFA NA UTEKELEZAJI WA KUPIKA.

Kaka, nililia mpaka Kisa akaninyang'anya kompyuta isije ikalowa. Mwaka mzima nilikuwa naipokea ile sahani bila kujua imebeba nini. Niliandika tu BABA, NITAANDIKA, Kisa akaipeleka. Kisha nikapiga magoti pale pale nyuma ya jiko, ambapo hawezi kuniona, kama ninayemwamkia.

Ndiyo maana ndaga yangu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ungeniachia nichukue kile kishikwambi, vidole vya mzee vingepapasa kioo na kukata tamaa. Ulikuwa unafikiria taarifa zangu za vyungu, hukujua unamfikiria na mzee wa watu asiyekuwa na mahali pa kuweka neno lake. Mungu akulipe, kwa maana mimi siwezi.

Naondoka Jumatatu asubuhi. Akina mama wa Ikombe wameshaniambia kwamba wakisafirisha vyungu kwa mtumbwi huvifunga kwa majani makavu, na kompyuta yangu wataifunga vivyo hivyo wakati wa kurudi. Usishtuke nikikutumia picha yake imelala katikati ya vyungu.

Msalimie sana Nancy, mwambie kitenge chake nimekiweka, Kisa asimdanganye kwamba amepewa yeye. Wabusu watoto. Msalimie na jirani yenu Mama Jubilate, mama wa yule mwenzako wa jina, aliyetuma kahawa. Hapa Ezra anakusalimu, Kisa anakusalimu, na baba mkwe naye anakusalimu. Hiyo ya mwisho ameiagiza mwenyewe, na amesema nisiibadilishe. Bwana akufunike wewe na nyumba yako, akuponye kifua, na akurudishe Kyela siku moja ukiwa na hamu ya wali wetu.

Mimi dada yako nikupendaye, na leo nikushukuruye kuliko siku zote,

Atupele

Tena: Nilikuwa sijafunga bahasha, Ezra akaanza utekelezaji. Leo mchana amempikia baba yake wali na dagaa usipa, kwa majaribio, mimi nikiwa nimekatazwa kukaribia jiko. Wali umeungua chini na juu ni mbichi, usipa una chumvi ya kutosha kijiji. Tulikaa tukingoja, hakuna aliyethubutu kula. Sahani imerudi sasa hivi. Amemaliza yote.