Simu Imezimwa

Jumatatu, 4 Juni

Baridi kali. Umande umeganda juu ya nyasi za uwanjani. Nimefungua meza yangu ya kuandikia watu barua barazani kama kawaida. Nimeandika mawili: lalamiko la mama wa Mdandu dhidi ya jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, na ombi la mzee wa Mlangali kuhusu bomba lililokauka. Yote mawili yametoka safi, hayana pa kukosolewa.

Jioni umeingia ujumbe wa Edina. Mwanangu wa pekee. Mama yake alikwisha kutangulia. Mwaka mzima hatujasemezana, tangu aolewe Makambako na Yusufu, dereva wa malori, Mwislamu, bila ridhaa yangu. Nilitamka wakati ule kwamba aliyeondoka ndiye atakayeanza kusema. Sasa ameanza. Nanukuu: "Baba shikamoo. Jumamosi tunahamia Sumbawanga. Kesho nitakupigia. Usipopokea nitajua hunitaki, sitakusumbua tena."

Nitapokea. Sikujibu kwa maandishi. Jambo la namna hii hujibiwa kwa sauti.

Jumanne, 5 Juni

Kioo cha simu ni cheusi. Ilinichomoka mfukoni mwa koti nilipoinama kufunga gunia la viazi, ikagonga ukingo wa jembe. Hakuna ufa hata mmoja. Cheusi tu. Nimeminya kitufe cha kuwashia. Nimekiminya pamoja na kile cha sauti, kama jirani alivyonielekeza. Nimeichomeka kwenye chaji. Inatetemeka, basi. Ndani ingali hai, usoni haipo.

Kabla ya adhuhuri ikaita. Sauti ya Edina mwenyewe. Aliiweka humo alipokuwa bado nyumbani, ili namba yake ikiita nimtambue: "Baba, pokea simu. Baba, pokea simu." Nikapangusa mahali panapokaa alama ya kijani. Nikapangusa juu, chini, pembeni. Ikaendelea kuniomba. Wateja wakanitazama. Mmoja akasema, "Mzee, si upokee tu, mtoto wa watu anabembeleza." Ikakatika. Ikaita tena. Ikakatika.

Nimeona aibu. Nimeogopa pia.

Nimeipeleka kwa Kastori, fundi simu wa stendi. Nilipokuwa kijana tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Leo kila kibanda kinauza vioo vya simu, ila cha simu yangu hakimo. Kastori ataagiza Dar. Akaifungua, ikanyamaza kabisa. Juu yake akabandika karatasi yenye jina langu na neno "Imezima". Nikamkosoa. Kuzima ni tendo. Mtu huzima, kitu huzimwa. Simu haiwezi kuzima. Akapenyeza W katikati ya neno.

"Imezimwa. Umeridhika, mwalimu?"

Nimeridhika.

Jumatano, 6 Juni

Kastori amenipa laini yangu. Nimeitia kwenye kitochi, simu yangu ndogo ya zamani ya vitufe. Jina la Edina halimo. Majina yote yalihifadhiwa kwenye simu, si kwenye laini, na namba yake sikuwahi kuikariri. Nimeshinda na kitochi mkononi. Kimeita mara moja. Tangazo la kampuni.

Mama Tulia, jirani yangu, amepeleka viazi Makambako leo. Soko liko hatua chache kutoka anapoishi Edina. Nimempa ujumbe wa mdomo, nikamtaka aurudie nisikie. Akasema, "Simu ya baba yako imezima." Nikamsahihisha: imezimwa. Akateleza tena. Nikamsahihisha tena, mpaka ulimi wake ukanyooka.

"Baba Edina," akasema, "heri ungenipa gunia jingine nibebe kuliko hilo neno lako."

Hata hivyo alilibeba sawasawa. Nimepumua.

Alhamisi, 7 Juni

Kitochi kimya tangu asubuhi.

Mama Tulia amerudi. Alimkuta Edina akifunga vyombo kwenye shuka. Alipofikisha ujumbe, Edina aliweka sufuria chini, akauliza, "Imezimwa? Kaizima mwenyewe?"

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimwambia mimi nimesema nilivyotumwa."

"Naye?"

"Akasema juzi iliita hukupokea, halafu ikawa haipatikani. Akasema, mwambie Baba nimeelewa."

Nilikaa kwenye ngazi. Herufi moja. Wanakuja kwangu kutoka wilaya jirani kwa sababu herufi zangu haziwaangushi. Hata "imezimika" ingetosha. Haikunijia. Mama Tulia alisema vema tangu mwanzo, mimi ndiye niliyemharibia.

Sijala. Najichukia.

Ijumaa, 8 Juni

Asubuhi niliandika maelezo ya kurasa mbili. "YAH: KUTOPOKELEWA KWA SIMU." Aya zimepangika, hoja zimefuatana. Nikayasoma. Nikayachana. Nimekwenda Makambako mikono mitupu.

Lori lilikuwa limepakiwa nusu. Kitanda, magodoro, cherehani ya marehemu mama yake. Yusufu aliniamkia shikamoo, akashusha kiti kutoka kwenye mzigo ili nikae. Yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka, na bado aliniletea chai. Sikuitarajia chai ile. Sikujua nitazame wapi.

Edina alisimama mlangoni. Hakutoka, hakuingia. Njia nzima nilikuwa nimetunga sentensi tatu. Zote zikapotea.

"Haikuzimwa," nikasema. "Ilizima."

Akanitazama.

"Simu haiwezi kuzima, Baba. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Hii iliweza."

Hakucheka. Aliyecheka ni Yusufu, kisha akageukia kamba zake. Edina akaja akaketi juu ya gunia, karibu nami. Akaniuliza kama nimekula. Nikamweleza habari ya jembe, kioo na kijani nisichokiona. Alisikiliza akiwa ameinama. Ya mwaka jana hatukuyagusa. Hayajaisha. Nilipoaga alichukua kalamu mfukoni mwangu, akaniandikia namba yake kiganjani, kana kwamba mimi ni mtoto anayetumwa dukani.

Jumamosi, 9 Juni

Wameondoka alfajiri. Mchana kitochi kimeita, mlio wa kawaida, si sauti yake. Nimepokea kabla hakijaita mara ya pili. "Baba, tumefika Tunduma." Nikasema vema. Nikatafuta neno jingine. Salio lake likaisha.

Jumatatu, 11 Juni

Umande tena. Namba nimeikariri. Kiganja bado sijakisugua vizuri.

Nimepitia kwa Kastori. Kioo hakijafika. Simu yangu ipo rafuni kati ya nyingine, nyeusi, na karatasi yake juu. Nimemwomba kalamu, nikaikata W. Kisha nikaenda kufungua meza.