Ushuhuda Niliosimama Kuufuta

Jumapili, alasiri. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Mama Kendi amejilaza. Kendi yuko nje anaruka kamba na wenzake. Mimi nimekaa mezani na simu, nimechoka kama mtu aliyetoka kubeba mawe.

Wanaonisoma hapa wanamjua binti yetu. Kendi ana miaka tisa na ana kifafa. Miezi minane iliyopita, baada ya siku tatu za kufunga na kuomba, nilichukua chupa ya vidonge vyake nikaitupa chooni, kikundi chetu cha maombi kikishuhudia. Nilisema mtoto wangu ataishi kwa imani. Tangu siku hiyo hakuanguka hata mara moja.

Nilisimama kanisani nikasimulia. Nikaalikwa makanisa mengine, nikasimulia huko pia. Hapa Kiwanjani watu walianza kuniita Baba Ushuhuda. Shuleni ninakofundisha, hata walimu wenzangu waliniomba niwaombee.

Nilipenda. Lazima niandike hivyo. Nilipenda sana.

Jumatano nikatoka kazini mapema. Mama Kendi alikuwa sokoni. Jirani yetu Mama Halima akabisha mlangoni, ameshika mfuko mdogo wa karatasi.

"Mama Kendi hayuko? Basi shika wewe, Baba Kendi. Mimi naenda Kinna, dada yangu amejifungua, nitakaa huko wiki mbili. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Mtoto asikose."

Nilifungua mfuko. Vilikuwa vidonge vilevile.

Nilimuuliza amekuwa akimpa tangu lini. Akanitazama, nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba mimi sijui kitu. Akavuta mtandio wake, akasema polepole, "Tangu ile siku ulitupa. Muulize mwenyewe mama yake." Kisha akaenda zake.

Ningependa kuandika kwamba jambo la kwanza nililohisi ni shukrani. Sivyo. Sikumfikiria hata Kendi. Nilifikiria kanisa litasema nini.

Mama Kendi aliporudi aliuona mfuko mezani. Hakukana. Aliweka kikapu chini, akakaa, akaniambia kwamba kila asubuhi Kendi alipitia kwa Mama Halima akielekea shuleni, na jioni akirudi; siku zisizo za shule alitumwa huko. Alimwambia mtoto asinisumbue na habari za dawa.

"Kwa hivyo ulikosa imani," nilimwambia. Nilisema hivyo kwa sauti ya mhubiri.

"Wewe ulikuwa unaomba," akajibu. "Mimi pia nilikuwa naomba. Lakini naomba nikiwa nimeshika kidonge. Ungetaka niombe nikiwa nimeshika maiti?"

Tumekaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili na sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Nilitoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji hadi giza likaingia. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mama Halima, nikajaribu hata kumkasirikia Mungu. Hasira haikukaa kwa yeyote. Ilirudi kwangu.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka Akiru.

Akiru ni mama wa Kiturkana, anauza makaa kando ya barabara kule Ngaremara. Yeye pia ana kifafa, tangu utotoni. Siku niliyotoa ushuhuda katika kanisa lao alinijia baada ya ibada, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema kuanzia siku hiyo naye anaacha dawa. Nilimwekea mkono kichwani nikambariki.

Sikuwahi kumuuliza tena alivyoendelea.

Jana asubuhi nilipanda pikipiki nikaenda kumtafuta. Meza yake ya makaa ilikuwa tupu. Mwanamke wa meza ya jirani akanionyesha nyumba. Nilimkuta Akiru ameketi mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameanguka kwenye moto akipika, wiki mbili zilizopita. Ilikuwa mara yake ya nne kuanguka tangu aache dawa. Kwa miaka mitatu kabla ya kuziacha hakuwa ameanguka.

Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alimwita mdogo wake alete kiti, akamwambia aweke chai. Akaniuliza, "Mwalimu, imani yangu ni kidogo, eeh? Mtoto wako alipona na mimi nimekataa kupona."

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kwamba Kendi hakuacha dawa hata siku moja, kwamba mke wangu alikuwa akimpa kupitia jirani na mimi sikujua, na kwamba niliyoyasema kanisani kwao hayakuwa kweli.

Chai ikaja, hakuna aliyeigusa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mimi sikuacha dawa juu ya Mungu, Mwalimu. Niliacha juu yako."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Nilimwomba twende pamoja hospitalini Jumatatu, siku ya kliniki, nimsindikize mimi mwenyewe. Alisema atafikiria, kwanza nimwache apumzike.

Nikitoka kwake nilipitia kwa Mchungaji. Alinisikiliza kwa upole. Akasema nimeungama kwake na hiyo inatosha, si lazima kanisa zima lisikie, kuna waumini wachanga watakaoyumba. Nusu yangu ilimshukuru. Nusu nyingine ilikuwa bado inauona ule mkono uliofungwa kitambaa.

Leo, wakati wa shuhuda, nilisimama.

Sikuongea kwa muda mrefu. Nilisema Kendi yu mzima kwa sababu mama yake alimpa dawa. Nilisema nilimjaribu Mungu mbele ya watu kisha nikajipa sifa. Nilisema kuna mtu ameungua kwa sababu ya maneno yangu, na kama kuna mwingine aliyeacha dawa kwa kunisikia, arudi kwa daktari kesho, asingoje.

Hakuna aliyesema Amina. Nilisikia mabati yakipigwa na upepo. Mama Kendi alikuwa anatazama chini, na nilipokaa hakunigusa, lakini alisogeza kitabu cha nyimbo katikati yetu ili nami nione.

Nje, kijana mmoja wa kwaya akaniuliza kwa uchungu, "Kwa hivyo Mungu haponyi?" Nilimwambia nimeacha kujibu kwa niaba ya Mungu. Nilimwambia naamini anaponya, na kwamba sasa naona aibu jinsi nilivyotaka aponye kwa njia itakayonipa mimi jina.

Nimekaa nikiwaza maana ya kuishi kwa imani. Nilidhani ni kuruka bila kutazama chini, watu wakipiga makofi. Lakini mke wangu hakupigiwa makofi na mtu. Kila siku, kwa miezi minane, alimwachia Mungu mambo asiyoyaweza na kufanya yale anayoyaweza, huku akiishi na mume ambaye angemwita msaliti akijua. Sijui kama ningekuwa na imani ya namna hiyo. Bado hatujaongea vizuri. Nitamwomba msamaha akiamka, na safari hii bila sauti ya mhubiri.

Saa tisa hivi simu iliita. Ilikuwa namba ya mdogo wake Akiru. Akasema dada yake anauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Akasema sawa, akakata.

Hakusema kama atakuja. Mimi nitakuwa langoni mwa hospitali saa moja.