Nilimwosha Bingwa Mbele ya Watu

Walukuba, Jinja

Baba yangu mpendwa,

Kabla ya langu naanza na lako. Goti linasemaje na mvua hizi? Na Mama, kifua kimeacha kumsumbua? Mimi ni mzima. Cherehani inanilisha, na mama mwenye duka, Mkenya mwenzetu, bado ananichukua kama bintiye, ingawa siku nyingine ananikaripia kama mke mwenza.

Naandika kwa haraka kwa sababu yule dereva jirani yetu, anayekaa karibu na kinu cha mahindi, alikuwa Mbale Jumamosi na aliniona. Unaujua mdomo wake. Habari ikipita kwake hufika imeota pembe. Afadhali uisikie kwangu.

Ni juu ya Omoding. Usiikunje barua, Baba. Sijasahau ulivyosema, kwamba binti wa Kibukusu haolewi na mvulana, na kwamba asiyetahiriwa hatakanyaga ua wako hata akija na ng'ombe wa Teso nzima. Nakuomba usome mpaka mwisho, kisha ukasirike kwa jambo unalolijua.

Wewe unamjua kama askari wa jela tu. Hapa Jinja watu wanamjua kwa BMX, zile baiskeli fupi za magurudumu madogo, za kuruka matuta. Yeye ndiye aliyeileta ya kwanza Walukuba, ameiokota kwenye mitumba, haina kiti wala breki. Wakubwa wake walimcheka, mtu mzima na sare yake juu ya baiskeli ya mtoto, magoti yanagonga usukani. Hakujali. Alibeba murram, ule udongo mwekundu wa barabara, kwa karai, akajenga matuta nyuma ya nyumba za wafanyakazi, akaanza kuruka. Alivunjika mfupa wa bega, akapona, akarudi. Vijana walipomfuata hakuwafundisha kuruka kwanza. Aliwafundisha kuanguka. Leo vijana wa Walukuba na Mafubira wote wanaoruka wamepitia mikononi mwake, na wawili wamewahi kuwashinda wa Kampala.

Shida yao ilikuwa uma wa mbele, kile chuma kinachoshika gurudumu. Ulikuwa unakatika kila mara. Hapa hakuna aliyeweza kuuchomelea ukadumu, mpaka wakasikia kwamba Namatala, kule Mbale, yuko fundi Masaba, ambaye naye alianza mchezo huo kwao na huunga uma kwa vipande vya bomba la maji. Wakawa wanapeleka vyuma vyao Mbale kwa lori. Hivyo ndivyo miji hii miwili ilivyoshikana. Mwaka huu wakaamua kuwapa heshima waanzilishi na mabingwa wao kwa siku moja, uwanja mmoja, kwa Masaba. Mimi ndiye niliyeshona mikanda ya kitambaa ya kuwavika.

Mwaka huu ni wa tohara, kule kama kwetu. Tuliposhuka Mbale barabara zilikuwa zimejaa vijana wa jando, njuga mapajani, mwili mzima mweupe kwa unga na chachu ya wimbi, watu wanawashangilia na kuwatunza. Vijana wetu wa Jinja wengi ni Wasoga. Kisu cha tohara cha Mbale wanakijua, nani Uganda hakijui? Unga ndio hawaujui. Waliona mtu akipakwa anashangiliwa, wakafikiri ndivyo Mbale wanavyomheshimu shujaa. Wakaenda sokoni kimyakimya wakanunua unga wa wimbi, wakauchanganya na maji. Laiti ningeuona mfuko ule.

Masaba akaita jina: afande Omoding, wa kwanza Jinja. Akasimama. Vijana wake wakamrukia kwa furaha, wakampaka kichwa, uso na kifua. Baba, wewe ungejua palepale. Ngoma ikalia. Mtu akipakwa mbele ya watu mwaka wa tohara ameahidi, na aliyeahidi harudi nyuma. Wanaume wakatuzunguka. Mmoja akasema, "Huyu ni wa kwetu sasa. Mulete kisu."

Nitakwambia ukweli ulionipita moyoni. Nilifikiri, akubali tu. Akubali, na mlango wa Baba utafunguka. Nilifikiri hivyo, nikamtazama, naye alikuwa ananitazama. Alijua ninachofikiri. Nikaona haya.

Angeweza kukimbia, njia ilikuwepo. Akasimama wima na unga ukimdondoka puani, akasema, "Mimi siwezi kimbia. Lakini kisu pia nakataa. Kwetu Teso hatuna hii mambo. Kama ni heshima ya baiskeli, nimefika. Kama ni ingine, hapana."

Kelele zikapanda. Yule dereva wetu alikuwa mstari wa mbele, mikono kiunoni, anafaidi. Wakamgeukia Masaba aamue, maana uwanja ni wake na kwao anasikilizwa. Nilimhurumia. Jasho lilimtoka. Upande huu mila ya baba zake, upande huu mtu aliyeanza naye mchezo. Akauliza, "Nani alipaka huyu mutu?"

"Sisi, muzee," wakasema vijana wa Jinja. "Tulitaka kumupa heshima tu."

"Nyinyi ni baba yake? Ni mujomba yake?"

"Hapana. Yeye ndiye kama baba yetu."

Masaba akawaambia watu kwamba hajawahi kusikia watoto wakimpaka baba. Anayepaka ni mkubwa wa ukoo, na hapa hakuna mkubwa wa ukoo. Huo ni unga wa uji. Wazee wachache wakacheka, wengi hawakucheka. Mmoja akasema watu wameshaona, hawezi kuondoka hivihivi akienda kuitukana mila njiani. Masaba akafikiri, kisha akasema mtu wa damu yetu, Mmasaba wa huku au Mbukusu wa Kenya maana ni ndugu, amwoshe hapo hapo mbele ya wote, na aibu kama ipo iwe ya huyo mwoshaji.

Hakuna mwanamume aliyesogea. Nikachukua ndoo ya maji ambayo fundi hupozea chuma cha moto, nikaenda.

Masaba akanizuia kwa mkono. "Wewe ni nani kwake?"

Hakuna mahari iliyotoka, Baba, najua. Nikajibu, "Ni mume wangu."

Nikamwosha. Nilianza na macho. Maji yalikuwa meusi ya kutu, lakini sikuharakisha, nilitaka kila mtu aone ninachofanya. Ngoma ilinyamaza. Kisha nikamvika mkanda wake juu ya shati lililolowa, na Masaba akavaa wake, wakapanda baiskeli wale waanzilishi wawili wakazunguka uwanja. Masaba aliruka tuta la kwanza akaanguka. Omoding akasimama akamwinua. Hapo ndipo watu walipopiga makofi, hata waliokuwa wameudhika.

Hiyo ndiyo habari. Dereva atakwambia nilijidhalilisha. Mimi nakwambia sijawahi kusimama wima kama siku ile.

Nisalimie Mama, na shangazi aliyenitia cherehani mkononi. Msalimie kaka mkubwa, mshika boma, umwambie asichochee. Na bibi, mwenye dua zetu, umwambie nazihitaji zote.

Mahindi yakishavunwa tutakuja wote wawili, na ng'ombe tutazungumza kama desturi inavyotaka. Atakuja jinsi alivyo, wala sitamwomba abadilike. Ukitaka kumwita mvulana, mwite nikiwa nimesimama hapo kando yake. Nitaitika mimi.

Bintiyo anayekuheshimu,
Nekesa