Vichupa Viwili kwenye Mkoba wa Mama

Karakana ya Friji, Chumba Na. 4,
Nyuma ya Soko,
S.L.P. 318.
9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana mama alitulea hivyo: hata ukimwendea mtu kwa ugomvi, mjulie hali. Basi, hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wamepona mafua? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kubeba friji za watu. Mama naye ukimuuliza atakwambia hajambo. Usimwamini. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei tena.

Unakumbuka alivyochukuliwa kwenye utafiti wa dawa ya moyo, hospitali ya chuo kikuu. Waliomba watu mia tatu na kumi, wakachukuliwa sitini. Ngazi zetu zina vipandio arobaini na nane. Kabla ya dawa alikuwa akipumzika mara nne, ndiyo maana nilimwekea kiti kwenye kona ya ghorofa ya pili. Wiki ya kumi alipumzika mara moja tu, tena akinisimanga kwamba mzee ni mimi. Kiti nikakirudisha karakana.

Ndipo ukaingia wewe na wema wako wa simu.

Hukuniuliza. Ulimpigia rafiki yako uliyesoma naye, yule karani wa kliniki ya macho, hospitali hiyohiyo, akamwingiza mama kwenye utafiti wao wa vidonge vya macho. Kadi mpya, jina la ukoo wa babu, ili kompyuta zisigundue. Mama ukamfundisha kwamba akiulizwa aseme hatumii dawa nyingine. Najua ulitaka ukija Desemba awaone wajukuu zake sura. Nimekuelewa, na bado nimekukasirikia.

Mimi niliishia darasa la saba, wewe ukasomeshwa mpaka ukavaa joho. Lakini hata mimi najua kwamba ukitia gesi za aina mbili kwenye friji moja, ikipoza hujui gesi ipi imepoza, na ikiungua hujui ipi imeiunguza.

Jumanne iliyopita tulikwenda kliniki ya moyo. Yupo muuguzi pale tunamwita Bi Hesabu, kwa kuwa kila ukienda anamimina vidonge vilivyobaki kwenye sahani na kuvihesabu kimoja kimoja. Akamwambia mama atoe vyote vilivyomo mkobani. Vikatoka vichupa viwili.

"Mama, hiki cha pili ni cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Mwanao anaumwa nini?"

"Haumwi. Yuko mbali."

Ningecheka, kama nisingeiona sura ya Bi Hesabu. Alivua miwani. "Wiki kumi na nne nahesabu, mama yangu," akasema, "kumbe nahesabu nusu."

Siku hiyohiyo walimsimamishia dawa zote mbili. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimeanza kulemewa. Daktari wa macho akaitwa, wakakutana na wa moyo ukumbini, kila mmoja akidai mwenzake kamharibia utafiti. Mama alikaa katikati yao kwenye benchi, kaukumbatia mkoba kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Kamati inakaa tarehe 30. Daktari wa moyo amenieleza bila kuficha: kama mama alidanganya kwa hiari yake, harudi tena. Kama alielekezwa, na aliyemwelekeza akaandika kwa mkono wake tarehe vidonge vya macho vilipoanza, zile wiki za mwanzo zitahesabika, na figo zikitulia anaweza kurudishiwa dawa.

Sasa sikia alichowaambia mama. "Nilijiandikisha mwenyewe." Mama huyu, ambaye hata kukupigia simu hunipa mimi nibonyeze! Tulipofika nyumbani akaniapisha nisikutaje, mwanawe asiaibike ugenini. Nimeapa, na kiapo cha mama sivunji. Lakini kiapo changu hakikufungi wewe.

Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema ukikiri, karani atafukuzwa. Pole yake. Karani anapumua vizuri. Mama nilimhesabia jana, mara ishirini na nane kwa dakika, na hapo amekaa.

Barua hii itatumia siku sita kukufikia, na yako siku sita kurudi, maana wanataka karatasi yenye sahihi, si ujumbe wa simu. Zinabaki siku tisa. Usizitumie kutafuta maneno mazuri. Andika tarehe, andika ulichomwambia aseme, tia sahihi.

Nisalimie sana wifi, na umbusu yule mdogo anayeota meno. Mjomba fundi viatu anakusalimu, na mama mdogo pia; wao hawajui lolote, wanakusifu kila Jumapili. Mungu akulinde huko uliko, na akupe mkono usiotetemeka.

Jana jioni nilikibeba kile kiti, nikakirudisha kwenye kona ya ghorofa ya pili. Mama alikikuta pale. Akakaa, hakunisimanga.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo, japo leo kwa shida.