Mafuta ya Shokapu za Mbele

Nyandira, Juni 1979

Mume wangu Leonard,

Mafuta ya shokapu ni yale yakaayo ndani ya miguu miwili ya mbele ya pikipiki ili kuzuia springi zisirushe kila kishindo. Hayalainishi tu, kama nilivyodhani. Ya pikipiki yako yalikuwa yamechoka kabisa.

Mwanetu Ester ameota jino. Barua zako zimekoma tangu jeshi lenu livuke mpaka kuingia Uganda, na mdogo wako Kasiani ameanza kuufasiri ukimya huo apendavyo. Juzi alikuja kuichukua pikipiki.

"Shemeji, chombo chenyewe kibovu, na mwenyewe hayupo. Nipe mimi."

Nilimwomba asubiri hadi jioni. Niliegemeza injini juu ya matofali, nikafungua skrubu zilizo chini ya ile miguu ya mbele, nikamwaga uchafu mweusi, kisha nikajaza mafuta mapya kwa chupa kuukuu ya kunyonyea ya Ester, kwa kuwa ina alama za vipimo na miguu yote miwili sharti ipate sawasawa.

"Panda nyuma, shemeji," nikamwambia.

Tuliteremka mlima wote. Pikipiki ilipita mashimoni kwa utulivu kamili. Aliyepiga kelele ni yeye. "Polepole, shemeji, nina watoto!"

Tuliporudi alijipangusa vumbi, wala hakutaja tena kuichukua. Aliuliza tu, "Na kaka akirudi, nani atakaa mbele?"

Tangu ukimya wako uanze, alikuwa hajawahi kuzungumzia kurudi kwako. Hoja zake nyingine nimezijibu kwa vitendo. Hii nakuachia wewe: wasemaje?

Mkeo akungojaye,
Bernadeta