Mshubiri Umekufa Maji

Kwenu nyote mnaokula kwenye meza hii,

Chai iko kwenye chupa. Mshubiri wa dirishani ~~utupeni~~ msiutupe, nimeghairi.

Asubuhi nimeungua na pasi. Nikakimbilia jani nijipake ute wake, likang'oka zima, limeoza, linanuka. Kumbe Baba Watoto anaumwagilia akipiga mswaki, Kitinda Mimba akitoka shule, na Bibi anaumalizia na maji aliyooshea mchele. Kila mtu kimyakimya, eti wenzake wamesahau! Nilisema umwagiliwe mara moja kwa wiki mbili, nikaonekana mchoyo wa maji.

Sasa sikieni. Nimepata chipukizi moja zima shinani mwake, nimelipanda kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga mwingi. Asilimwagilie mtu mpaka udongo ukauke kabisa. Bibi, shikamoo, hili linakuhusu na wewe.

Halafu jambo moja. Nilipopiga kelele na lile jani bovu mkononi, mlikuja mbio wote, mkaanza kubishana nani kaua mmea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jani nilikuwa nalitakia nini.

Mkono bado unawaka moto.

Mama